Wateja Waliolala Ubavu

Zamani, kabla simu hazijaanza kupiga picha, nyuma ya duka la vitambaa kulikuwa na studio moja, na mwenye studio hiyo mtaa mzima ulimwita Mzee Wima. Hata alipokuwa kijana bado walimwita Mzee. Jina la Wima alilipata kwa sababu hakuwahi kubonyeza kamera kabla ya kusema, "Simama wima, usijikunyate," hata kama aliyekuwa mbele yake ni mtoto mchanga asiyejua kukaa. Bega likiinama kidogo tu, alikuwa anatoka nyuma ya kamera na kwenda kulinyanyua kwa vidole viwili. Picha ikitoka imepinda, aliichana mbele ya mwenyewe na kumrudisha kitini apigwe upya, bure.

Simu zilipoingia, wateja walipungua wakabaki wale wa picha ndogo za vitambulisho, na hao nao wakayeyuka. Mzee Wima akafunga mlango, akabeba masanduku ya picha hadi nyumbani, akayapanga juu ya kabati la chumbani na kuanza kustaafu kwa shingo upande.

Masika ya mwaka ule paa lilivuja. Mkewe, mama wa nyumba, ndiye aliyegundua. Alisikia harufu kama ya viatu vilivyosahauliwa kwenye maji, akapanda kigoda, akatoa sanduku la juu na kukuta picha mbili za maharusi zimeshikana uso kwa uso zisiweze kubanduliwa.

Siku hiyohiyo alimpigia simu binti yao wa kwanza. Nyumbani walimwita Kifungua, kwa kuwa ndiye kifungua mimba. Alikuwa mpangaji wa kurasa katika kiwanda cha uchapaji, mji mwingine, safari ya basi ya kutwa nzima.

"Kazi ya baba yako inaoza," alisema mama. "Wewe unakaa na mashine za kuchapa. Fanya kitu."

Kifungua akamwomba meneja wake, na meneja akakubali kwa masharti. Mashine ndogo ilikuwa wazi mpaka vitabu vya shule vitakapoanza kuchapwa, na vikianza, asione tena karatasi ya mtu binafsi humo ndani. Kifungua akampigia baba yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Nasikia unataka kunifanya mwandishi."

"Nataka kukutengenezea kitabu cha picha zako. Zipige upya kwa simu, moja moja, unitumie. Lakini usizitume kwa ile programu ya kuchati, inazikamua mpaka yanabaki maganda. Tumia barua pepe."

Mama ndiye aliyemfungulia mzee anwani ya barua pepe, maana katika nyumba ile ni yeye aliyekuwa na subira ya kusoma maelezo. Mzee Wima akaweka picha zake mezani karibu na dirisha. Alisimama juu ya kigoda, akainama na simu mikononi, akapiga na kutuma, picha baada ya picha. Chini ya kila picha aliandika jina la mteja na kazi yake: mshonaji na wanawe, mwalimu mkuu, mapacha wa nyumba ya kona.

Kifungua alizifungua ofisini asubuhi, kikombe cha chai mkononi. Mshonaji alikuwa amelala ubavu, na wanawe wote wamelala naye kama samaki kwenye sinia. Mwalimu mkuu alilazwa upande wa pili. Mapacha walikuwa kichwa chini, miguu juu.

Akampigia baba yake.

"Baba, picha zimekuja zimelala."

"Zimelala vipi?"

"Ubavu. Watu wote wamelala ubavu."

Mzee akasema polepole, kama anavyosema mtu aliyetukanwa barazani kwake, "Mimi sijapata kupiga picha iliyolala tangu nizaliwe."

"Najua, baba, ila hizi..."

"Hapa kwenye simu zimesimama. Nazitazama sasa hivi. Mwalimu mkuu amesimama kama nguzo. Hiyo kompyuta yenu ndiyo mbovu."

Kifungua akaona hakuna haja ya kubishana na mzazi kwa jambo dogo. Kugeuza picha ni kazi ya kubofya mara moja. Akazifungua kwenye programu ya kutazamia picha, akazigeuza zote mpaka kila mtu akasimama, akahifadhi. Akafungua programu ya kupangia kurasa na kumwita mshonaji aje ukurasa wa kwanza. Mshonaji akaja amelala.

Akarudi kule alikotoka. Kule mshonaji alikuwa wima. Akamleta tena, akalala tena. Akafunga kila kitu, akazima kompyuta, akaiwasha, akamwita mara ya tatu kwa upole kama anayebembeleza mtoto. Mshonaji akalala.

"Wewe baba!" alimfokea mshonaji, na wenzake wakageuka kumtazama. "Hivi una usingizi wa namna gani?"

Akajaribu njia nyingine. Safari hii alitumia programu ya kuhariri, ile nzito wanayoitumia kwa majalada, akageuza na kuhifadhi, na mshonaji alipoitwa ukurasani akaja wima. Kifungua akashusha pumzi. Akawageuza wa mwanzo wote kwa njia hiyo, kisha akamtumia baba yake azikague, maana mzee asingekubali kitu kichapwe bila jicho lake kupita.

Chai ilikuwa haijaisha, simu ikaita.

"Umewalaza," alisema Mzee Wima.

"Nimewalaza nani?"

"Wateja wangu! Nimekutumia watu wazima waliosimama kwa heshima zao, wewe unanirudishia wamelazwa kama wagonjwa wa wodini. Mwalimu mkuu yule alikufundisha kusoma. Ndiyo shukrani hiyo?"

"Baba, mimi nimewasimamisha. Walikuja wamelala, nimewasimamisha, nikakurudishia wamesimama."

"Wamelala!"

"Wamesimama, baba. Niko nao hapa usoni."

"Na mimi niko nao hapa mkononi! Kwani macho yangu yamekufa? Mama yako huyu hapa, muulize."

Simu ikapokewa na mama. "Wamelala, mwanangu," alisema kwa sauti ya mtu anayetamani asingeulizwa. "Huyu mshonaji hata kofia yake nashangaa haidondoki."

Wiki nzima ikawa ni hiyo. Kifungua anageuza, anatuma, na mzee anakuta zimelala. Mzee naye akishika simu vingine na kupiga upya, zikifika ofisini baadhi zimelala kulia, baadhi kushoto, na chache zimesimama bila sababu yoyote, jambo lililomkera Kifungua kuliko yote. Akamwambia baba yake azibandike ukutani badala ya kuzilaza mezani. Mzee akamuuliza kama huko kiwandani ndivyo anavyofundishwa, kutoboa picha za watu kwa pini. Akamwambia basi aziegemeze kwenye kitabu. Mzee akasema zimejikunja kwa unyevu, haziegemei. Mwisho Kifungua akateleza ulimi.

"Baba, labda tatizo ni namna unavyoshika simu. Hii si kamera ya studio."

Mzee Wima akakata simu. Kuanzia hapo kila picha iliyokuja ilikuja na jina la mteja tu, bila salamu. Kifungua alipotuma kurasa za mfano, mama ndiye aliyejibu: "Baba yako anasema hawezi kutazama tena. Anasema mfanye mnavyojua, wasomi."

Siku hiyo Kifungua aliweka kichwa mezani, juu ya kibodi. Kwenye kioo cha kompyuta zikajaa herufi za N. Fundi wa kompyuta wa kiwanda, mtu mpole aliyekuwa akipita na waya begani, akasimama.

"Dada, unaumwa?"

"Naumwa na picha."

Akamweleza yote, kwa hasira, huku akionyesha kwa kidole. Fundi akavuta kiti, akatazama na kutikisa kichwa.

"Simu haigeuzi picha," alisema. "Inaihifadhi vilevile ilivyoingia, halafu ndani yake inachomeka kijikaratasi kimeandikwa, 'Juu ni huku.' Programu yenye adabu inasoma kijikaratasi na kuigeuza yenyewe unapoitazama. Isiyo na adabu haisomi."

"Yangu ina adabu?"

"Hii ya kutazamia inayo. Hii ya kupangia kurasa haina. Ulipogeuza kwenye ya kutazamia, ulibadilisha kijikaratasi tu, picha haikusogea hata kidogo. Ndiyo maana ilikuja ukurasani imelala."

"Na nilipogeuza kwenye hii kubwa?"

"Hapo uliisogeza picha yenyewe, lakini kijikaratasi kikabaki na maneno ya zamani. Simu ya mzee ina adabu. Ikakisoma, ikatii, ikaigeuza mara ya pili."

"Kwa hiyo mimi nilikuwa naziona zimesimama kweli."

"Kweli."

"Na baba alikuwa anaziona zimelala kweli."

"Kweli tupu."

"Na mama pia."

"Wote mko sawa, dada. Na hizi zinazoelekea huku na huku, nadhani anazipiga zikiwa mezani. Simu ikitazama chini moja kwa moja haijui juu ni wapi. Inabahatisha."

Dawa yenyewe ilikuwa fupi ajabu: geuza picha kwenye programu kubwa, na unapoihifadhi upya weka alama pale panapoandikwa kwamba maelezo ya ndani yaondolewe. Kijikaratasi kinatoka, picha inabaki ilivyo, na kila kompyuta na kila simu inaiona sawasawa. Fundi akamwonyesha kwa mshonaji. Mshonaji akasimama kila mahali, hata kwenye simu ya fundi.

Kifungua alitaka kumpigia baba yake papo hapo amwombe radhi. Lakini meneja akatokea mlangoni na kusema karatasi za vitabu vya shule zimeshashushwa, kwa hiyo kama ana jambo na ile mashine alimalize upesi. Akasema atampigia baadaye. Akayafungua masanduku yote ya baba yake mle kwenye kompyuta, akawatenga waliolalia kulia, waliolalia kushoto na waliosimama kwa vichwa, akaanza kuwanyanyua. Alifanya kazi kwa hasira ya wiki nzima. Aliyelala alinyanyuliwa, bila kuulizwa. Kurasa zikajaa, zikachapwa, zikashonwa na kuvalishwa jalada la kijivu, na Kifungua akabeba nakala moja kwenye begi na kupanda basi.

Alifika nyumbani mchana. Mzee Wima alikuwa sebuleni, amekaa kana kwamba hamngoji mtu. Aliitikia shikamoo kwa ufupi. Kifungua akapiga goti, akaweka kitabu mapajani mwake na kumweleza habari ya kijikaratasi.

"Kwa hiyo mkono wangu haukuwa na kosa," alisema mzee.

"Haukuwa, baba. Nisamehe."

"Na simu yangu ina adabu."

"Inayo."

Mzee akavaa miwani. Alifungua ukurasa mmoja baada ya mwingine bila haraka, akipitisha kidole kwenye kingo kuona kama zimekatwa sawa. "Wino umekolea," alisema, na kwa Mzee Wima hiyo ilikuwa sifa kubwa. Alimkuta mshonaji, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kwa mapacha alicheka. Mwalimu mkuu alimtazama kwa muda mrefu, maana alikuwa ameshafariki. Kifungua akaanza kupumua vizuri.

Kisha mzee akafika ukurasa fulani katikati, na mkono wake ukakwama.

"Hii nani kakwambia uinyanyue?"

Kifungua akasogea. Ilikuwa picha ya mwanamke kijana mwenye aproni, amesimama wima ameegemea ukuta, macho yamefumbwa, mdomo wazi. Chini yake palichapwa maneno mawili kama mzee alivyoyatuma: Mke wangu.

"Ilikuja imelala, baba, kama zile nyingine."

"Hii ilikuja sawa! Masanduku yote yale, hii peke yake ndiyo ya mtu aliyelala. Huo si ukuta, ni benchi. Alikuwa amelala!"

Kifungua akainamisha kitabu, na mara ukuta ukawa benchi la wateja, na kile alichodhani ni pazia kikawa kanga iliyokunjwa chini ya kichwa. Alikumbuka kwamba aliitazama picha hiyo kwa muda wa kubofya tu. Hata sura ya mama yake mwenyewe hakuitambua. Akahisi masikio yanawaka moto.

Mama akatoka jikoni akijifuta mikono. "Mnagombania nini tena? Nilidhani vita vimeisha." Akakichukua kitabu. "Na huyu ni nani anayesinzia kwa kusimama kama farasi?"

Akasogeza kitabu dirishani. Akakitazama, akakigeuza ubavu, akakitazama tena.

"Huyu ni mimi."

"Ni wewe," alisema mzee.

"Ulinipiga lini?"

"Ulikuwa na mimba ya huyu. Ulishinda chumba cha giza ukisafisha picha za harusi, ulipotoka ukajinyoosha kwenye benchi. Nilikuja kukuamsha nikashindwa. Basi nikapiga."

"Mdomo wazi hivi!"

"Ndiyo maana niliificha. Nilijua ungeichana."

Mama akakifunga kitabu huku kidole kikiwa ndani. Sauti yake haikupanda, na Kifungua alijua hiyo ndiyo hali ya kuogopwa. "Kwa hiyo picha yangu ipo. Miaka yote nimesafisha nyuso za mtaa mzima kwenye beseni, wangu haujawahi kuingia humo. Kila nikikwambia na mimi nikae kwenye kile kiti unipige, jibu lako ni 'Kesho, leo kuna wateja.' Wateja wakaisha. Studio ikafungwa. Leo naambiwa nimo, tena nimesimama nakoroma!"

"Mama, ni kosa langu," alisema Kifungua. "Nitachapa upya ukurasa huo."

"Wewe nyamaza kwanza. Ninaongea na mpigapicha."

Mzee Wima alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Niliificha pia kwa sababu ilikuwa nzuri," alisema. "Nilikuwa naitoa nikiwa peke yangu. Sikutaka mteja aione. Na sikujua nikikuweka kitini nitakwambia nini, maana wewe ulikuwa unajua kila ninachowaambia watu."

Mama akamrudishia kitabu mapajani. "Basi sasa hivi," alisema. "Nakwenda kubadilisha nguo."

"Sasa hivi jua ni kali, litakukata uso. Tungoje ke—"

"Thubutu!" mama alimkatiza, na hilo lilisikika mpaka kwa majirani. "Sema hiyo kesho uone!"

Mzee hakuisema. Kamera ya studio ilikuwa imekufa siku nyingi, kwa hiyo akachukua simu. Wakaenda uani, Kifungua amebeba kiti na shuka jeupe. Mzee akalitundika shuka kwenye kamba ya kuanikia ili kupunguza jua, akalisogeza, halikumridhisha, akalisogeza tena. Mama akakaa na gauni la samawati alilolifunga mpaka shingoni. Mzee akatazama kwenye simu, akashusha mkono, akaenda kunyoosha ukosi wa gauni. Akarudi. Akatazama. Akaenda kuondoa ndoo iliyoonekana pembeni.

"Jamani, piga," alisema mama.

"Mwanga bado."

"Mwanga! Jasho linanitoka hapa. Wateja walikuwa wanakuvumilia vipi?"

"Walikuwa hawaongei."

Alipiga nyingi. Kila mara mama alikuwa akisema jambo, na mzee akishusha simu kulijibu. Mwishowe mama akachoka kusema. Akanyamaza, akamtazama mumewe tu bila kutabasamu na bila kununa, mikono imelala mapajani. Mzee akabonyeza. Kisha akakaa chini kwenye ngazi ya uani, akatazama alichokipata.

Kifungua hakungoja barua pepe. Aliinyonya picha ile kutoka kwenye simu kwa waya, akaikagua kila upande, akarudi nayo kazini. Meneja alipoambiwa kuna ukurasa wa kurudiwa, alishika kichwa na kuuliza kama ukoo huo una picha ngapi ambazo hazijaonekana. Lakini alimpa nafasi wafanyakazi walipokwenda kula. Kifungua akachapa ukurasa mpya wenye picha mbili. Juu aliweka ile ya kwenye benchi, imelazwa ilivyopigwa, na chini ile ya uani. Akabandua ukurasa wa zamani katika kila nakala na kubandika mpya kwa mkono wake, akilaani gundi.

Nakala moja tu haikurekebishwa. Mama alikataa kuitoa. Alisema hajawahi kumwona mtu aliyesinzia kwa kusimama akaonekana mzuri hivyo.

Baada ya muda mama alipiga simu, safari hii yeye ndiye mwenye hasira.

"Mwanangu, hiki kitabu chako kimeniletea balaa. Mtaa mzima uko sebuleni kwangu. Wanakuja kujitafuta. Binti wa yule mshonaji amekaa tangu asubuhi, analia, anacheka, chai yangu imekwisha. Na baba yako anamweleza kila mmoja habari ya kijikaratasi, kama vile alikigundua yeye."

"Pole, mama. Nitume nakala nyingine?"

"Tuma. Na umwambie baba yako aache kunipiga picha kila nikifunga macho."

Nyuma ya sauti yake mzee alisikika akimwomba mtu anyooshe shingo kidogo. Mama akamfokea, kisha akakata simu bila kuaga.